Ramani ya kijani tupu, kasa yuko kwengine: kisa cha kuchora malisho ya majani ya bahari Unguja

Kisa chenyewe ni kipi

Hiki kisa kimetokea pwani ya mashariki ya Unguja. Kijiji sikitaji, majina ya watu nimeyaacha na hata mradi uliotoa hela siutaji, na sababu mojawapo mtaiona huko mbele maana ni sehemu ya kisa. Mi nilikuwa mchora ramani wa kikundi, yani yule mtu wa laptopu, kwahiyo makosa mengi ya mwanzo yamepitia mikononi mwangu. Nakiandika kwa ajili ya vijana wanaofanya kazi za ramani huku visiwani, kwasababu siku hizi wengi wana droni, wana QGIS, ile programu ya bure ya kuchorea ramani, na naona wanaanzia pale pale tulipoanzia sisi.

Hali ilivyokuwa kabla

Kijiji kina ghuba ya maji mafupi, siku za bamvua, yani mwezi mwandamo na mwezi mpevu bahari inapokupwa sana, maji yakitoka unatembea zaidi ya kilomita moja hujafika mwambani. Chini kote ni majani ya bahari. Watu wengi wanayachanganya na mwani lakini si kitu kimoja: mwani hauna mizizi ya kweli wala maua, majani ya bahari ni mmea kamili una mizizi, una maua na mbegu, sema tu umehamia kwenye maji ya chumvi. Aina ziko nyingi huku kwetu, Ghuba ya Chwaka peke yake zimeorodheshwa 11. Humo ndo wanamokaa samaki kama tasi na pono, ndo watu wanamotega madema, ndo akinamama wanamochokoa kombe, na humo ndo anamokula kasa.

Kasa ninayemsema ni yule wa kijani. Akishakuwa mkubwa chakula chake hasa ni majani haya pamoja na mwani, halafu ni mhamaji, anaweza kutaga kisiwa kimoja na kwenda kula mamia ya kilomita kutoka hapo. Hili watu wengi linawapita. Tunapozungumza kulinda kasa huku tunazungumza mayai, fukwe za visiwa vya Misali na Mnemba, na ghuba ambayo hakuna anayetaga inaonekana haina kazi. Kumbe kasa wa fukwe za watu wengine huenda anakuja kula kwetu.

Sasa ghuba yetu ilikuwa inagombaniwa. Kilimo cha mwani kilianza Zanzibar 1989 na hapa kijijini ndo mkono wa wanawake wengi, lakini maji ya pembezoni yamezidi joto, mwani unakufa, kwahiyo wakulima walitaka kusogeza vitalu ndani zaidi. Wavuvi wa dema wakasema huko ndani ndo kwao. Juya nalo, ule wavu wa kukokota, likipita linang'oa majani na mizizi yake. Kamati ya uvuvi ya shehia ikasema basi, kabla ya kugawa mtu sehemu tujue kwanza kasa anakula wapi. Mradi mdogo ukatoa hela ya mwaka mmoja na kikundi chetu kikaombwa kuchora.

Tulivyoanza

Tulianza juu. Tulikuwa na mfano mkubwa, visiwa vyetu vyote vilianza kupigwa picha za droni 2016, Unguja na Pemba, na wengi wetu tumejifunzia kazi kwenye picha zile. Kwahiyo tukachukua picha za bure za setilaiti ya Sentinel-2, ambazo kila nukta yake ni mita 10 kwa 10, tukaomba vibali, tukarusha droni siku za bamvua. Huku kwetu bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne hivi asubuhi, jua limeshapanda, linamulika kwenye vidimbwi picha zinakuwa nyeupe, kwahiyo tulirudia mara nyingi na kila kurudia ni hela. Tuliamua kuendelea hivyo kwasababu ilionekana ndo njia ya haraka na mfadhili alitaka kuona kitu mapema, hii sababu ya pili naitaja kwasababu ndo iliyokuwa na nguvu.

Baada ya miezi mitatu tulikuwa na ramani nzuri mno. Kijani iliyokoza pale penye majani mengi, kijani hafifu penye machache, njano mchanga. Nilijivunia.

Kikao cha dikoni

Tukaipeleka dikoni, pale vyombo vya uvuvi vinaposhukia, tukaibandika kwenye ubao wa banda la wavuvi, nikaeleza. Wazee wakasikiliza. Halafu bibi mmoja, mtu mzima, maisha yake yote anakwenda pwani kuchokoa, akasogea mpaka kwenye ubao akaweka kidole pale penye kijani kilichokoza kuliko kote.

"Mwanangu, hapa mmesema ndo kwenye chakula kingi?"

"Ndio bibi, hapo ndo kwingi kabisa."

"Hapa pana mwani wa binti yangu na wenziwe. Vigingi na kamba. Na pembeni yake yale majani magumu yenye vijiti. Kasa hapa sijapata kumuona tangu nikiwa mwari."

Akasogeza kidole kwenye sehemu ya kijani hafifu, karibu na mlango wa maji. "Kasa utamkuta hapa. Maji yakianza kujaa."

Watu wakaanza kuitikia nyuma, mvuvi mmoja akasema kweli bi mkubwa, na mwengine akasema hata kule kaskazini mmekosea, ule ni mwani pori umeota juu ya mawe. Nilisimama pale na fimbo yangu ya kuonyeshea. Kiukweli iliniuma lakini bibi yule alikuwa sahihi kwa kila neno na ndo aliyeokoa kazi, maana ile ramani ingetoka vile ingewanyima wakulima mahala ambapo kasa hali, na ingewapa mahala anapokula.

Korongo wa mbali walitusaidia kufikiri

Hapa nitakaa kidogo. Baada ya kikao mwenzetu mmoja, mwanafunzi wa mazingira, alikuja na habari ya korongo mweupe wa Siberia. Ndege huyu anazaliana kaskazini mwa Urusi na baridi ikija anahamia China, na karibu korongo wote wa aina yake waliobaki duniani wanakaa msimu huo Ziwa Poyang. Chakula chake pale ni vijiazi vya mmea wa majini unaoitwa Vallisneria, fikiria vile vijiazi vya ndago shambani, ila hivi viko kwenye tope chini ya maji, korongo anasimama kwenye maji mafupi anachimba kwa mdomo.

Ziwa lile linapanda sana majira ya joto na kushuka wakati wa baridi. Mwaka 2010 mafuriko yalikuwa makubwa, maji yakawa marefu, mwanga haukufika chini, mmea haukuweka vijiazi. Korongo walipofika ziwa lipo, maji yapo, ila chakula hakuna, wakaonekana kwenye mbuga za nyasi pembeni wanachimba mizizi ya mimea mengine kabisa. Aliyekuwa na picha ya ziwa toka juu asingejua kwamba ghala ni tupu. Walioelewa ni wale walioingia kwenye tope, wakachimba, wakachekecha udongo wakahesabu vijiazi kimoja kimoja, halafu wakaweka na kina cha maji juu yake, kwasababu hata kijiazi kikiwepo kama maji ni marefu kuliko miguu na shingo ya korongo hicho si chakula chake.

Yule mwanafunzi alimaliza kueleza na sote tukanyamaza. Ndo lile lile aliloonyesha bibi kwa kidole. Chakula ni majani ambayo mnyama anayataka, mahala anapoweza kufika, saa anapoweza kufika, na ramani yetu haikujua hata kimoja katika hivo, ilikuwa inajua rangi ya kijani tu.

Uamuzi wa pili na kwanini

Tukaacha droni. Si kwamba droni mbaya, baadae tuliitumia tena kwa mipaka tu, lakini hela iliyobaki tukaipeleka kwenye miguu. Mambo matatu tuliamua.

La kwanza, kupima chini kwa utaratibu wa Seagrass-Watch, ule ulioanzia Australia 1998: kamba tatu za mita 50 zikipishana mita 25, na kila mita 5 unaweka fremu ya sentimita 50 kwa 50, jumla fremu 33 kwa kituo. Unaandika majani yamefunika kiasi gani, urefu wake, aina. Sisi tukaongeza safu moja, alama za meno. Pono anang'ata pembeni ya jani anaacha kipande kama mwezi mchanga. Kasa anakata majani mengi kwa pamoja yanabaki mafupi sawa sawa kama nyasi zilizofyekwa, na anarudi pale pale kwasababu yanayochipua ni machanga na laini.

La pili, tusiandike aina 11. Hapa palikuwa na ubishi, mwanafunzi wetu alitaka jina la kisayansi la kila jani. Tulijaribu siku moja na watu wawili waliosimama kwenye fremu moja wakaandika majina mawili tofauti. Tukakubaliana makundi manne tu ambayo kila mtu anayatofautisha kwa mkono hata maji yakiwa na vumbi: marefu kama mkanda, yenye vijiti vigumu, ya wastani mapana, na madogo membamba yakiwemo yale ya duara. Tulipoteza undani, tukapata data inayoaminika, na kwa swali la kamati ilitosha.

La tatu ndo la kutoka kwa korongo, maji. Tulisimamisha miti yenye alama za sentimita kwenye kila kituo, tukasoma maji yanavyopanda bamvua na maji mafu, yani siku bahari haitoki sana, tukalinganisha na jedwali la kujaa na kupwa, mpaka kila kituo tukawa tunajua kwa siku kina masaa mangapi ya maji yanayomtosha kasa mkubwa kuelea na kukimbia akishtuka.

Wapimaji walituacha siku ya tatu

Wapimaji tuliochukua walikuwa akinamama wa kuchokoa pamoja na wavuvi wawili wa dema. Siku mbili kazi ilikwenda vizuri, siku ya tatu walikuja wawili tu. Hatukuelewa, posho tulikuwa tunatoa. Mmoja akatueleza akiwa hata hakai, ana haraka: siku za bamvua ndo siku zao. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, siku chache kila mara, ndo pwani inafunguka wanapata kombe na pweza, na sisi tunawachukua masaa yale yale kwa posho ambayo haifiki nusu ya anachokosa, na juu yake nyumbani hakuna kitoweo.

Hili tungelijua kama tungeuliza kabla. Tukabadilisha, badala ya kuwashika mpaka maji yanarudi tukawa tunapima ile saa ya kwanza maji yakiwa bado yanatoka, kwenye njia yao wenyewe ya kwendea, wakimaliza fremu zao wanaendelea na ndoo zao. Vituo tukavihamishia kwenye njia hizo. Posho ikapanda kidogo. Wakarudi, na wawili walileta na watoto wao wakubwa. Kazi ikawa ya pole pole lakini haikukatika tena.

Fununu

Kosa lililotugharimu zaidi lilikuwa la maneno mawili. Kwenye rasimu niliyowapa kamati nilizungushia mstari sehemu za malisho mazuri nikaandika "eneo la hifadhi". Sikumaanisha chochote, nilitaka jina la kuweka kwenye ufunguo wa ramani. Kabla ya adhuhuri ya kesho yake kijiji kizima kilikuwa kinasema bahari inafungwa, na sisi ndo tumeleta watu wa kufunga. Wavuvi wa dema wakatoa watu wao. Mzee mmoja aliyekuwa anatuchorea mwenyewe mahala anapomuona kasa akaja kusema zile alama tuzifute, maana alizokwishatupa nyengine si za kweli, alificha sehemu zake nzuri tangu mwanzo kwasababu alihisi tu.

Sikumlaumu na simlaumu leo, mtu akulinde wewe na ramani yako au alinde riziki ya wanawe?

Tulifanya nini: kazi ya pwani tukaisimamisha bamvua zima. Tulipita diko kwa diko na sheha pamoja na viongozi wa kamati, tukaonyesha ramani, tukafuta yale maneno mbele ya watu, tukaandika "kasa hula hapa", basi. Tukakubaliana kwamba alama yoyote aliyotoa mvuvi anaweza kuiondoa wakati wowote bila kuulizwa sababu. Baadhi waliondoa. Wengine walirudi na kuongeza, na yule mzee alirekebisha alama zake moja moja tukiwa tumekaa barazani kwake.

Ramani mbili badala ya moja

Swali la mwisho kabla ya kutoa lilikuwa nani aione. Kuvua kasa ni marufuku lakini nyama yake bado inaliwa, sote tunajua. Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa na wengine wengi walilazwa, na msiba ule kila mtu visiwani aliusikia. Ramani inayoonyesha kasa anaingia mlango upi na saa ngapi ikifika kwenye simu ya mtu mwenye nyavu ni mwongozo wa kumvua. Mfadhili alitaka iwekwe wazi intaneti. Tulikataa, ikawa mazungumzo marefu, mwisho tukatoa mbili: ya kamati yenye undani wote, imeprintiwa, nakala zimehesabiwa, na ya watu wote yenye miraba mikubwa inayoonyesha hali ya majani tu bila alama hata moja ya kasa. Ndo sababu nimekificha kijiji humu pia.

Ilivyoishia

Vitalu vipya vya mwani vilipelekwa upande ule wa majani yenye vijiti na mchanga ambako alama za meno hatukuzipata, na wakulima walikubali kwasababu wengi wao ndo waliopima. Lile eneo karibu na mlango, lile la kijani hafifu alilolionyesha bibi, lilikuja kutoka na alama nyingi za kasa kuliko kote, ni majani madogo, mafupi kwasababu yanaliwa kila siku, na ndo maana setilaiti iliona kama hakuna kitu. Hilo limeachwa.

Juya halikutatuliwa. Kamati ina ramani mkononi lakini juya linatoka kijiji cha jirani na wao hawakuwa kwenye kikao hata kimoja.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoharibika

Kilichofaa zaidi ni kuongeza muda wa maji. Bila ile safu ya kina na masaa tungekuwa na ramani sahihi ya majani lakini bado si ya malisho, kwasababu sehemu ya juu kabisa ya ghuba ina majani laini mazuri lakini yanakaa makavu muda mrefu na kasa mkubwa anapata nafasi fupi tu, tena si kila siku. Makundi manne nayo yalifaa, na nitayarudia popote.

Akinamama kuwa wapimaji ilifaa kwa sababu mbili, wanajua pwani kwa mguu, na baadae neno lao kijijini lilikuwa na uzito ambao langu lisingekuwa nao. Lakini tuliwaingiza kama wafanyakazi wakati walitakiwa wawe kwenye meza siku tunapanga. Kikao kile cha dikoni kilitakiwa kiwe cha kwanza, kabla droni haijanyanyuka. Zile hela za miezi mitatu zingelipa vituo mara mbili ya tulivyopata.

Kilichoharibika ambacho hakirekebishiki kwa ramani hii ni msimu. Data karibu yote ni ya kaskazi, maji safi, bahari imetulia. Kusi lilipokuja upepo ukahamisha mchanga, kituo kimoja kilichokuwa kizuri kikafukiwa nusu yake na majani yaliyong'oka yakajaa ufukweni malundo. Wenzetu wa Poyang walijua ghala limekwisha kwasababu walikuwa wanahesabu mwaka hadi mwaka, wana 2009 ya kulinganisha na 2010. Sisi tuna mwaka mmoja, kwahiyo mtu akiniuliza malisho yanapungua au yanaongezeka sina jibu na silitungi.

Na ile kingo ya nje ya mwamba, kwenye maji marefu, hatukuigusa kabisa kwasababu kamba na fremu hazifiki na hatuna mitungi ya kuzamia. Wavuvi wanasema kasa wakubwa huko ndo wanakolala. Kwenye ramani nimeiacha nyeupe na nimeandika "hatujapima", kwa herufi kubwa, ili asije mtu akadhani nyeupe maana yake hakuna.

Hela ya mradi imekwisha. Miti yenye alama bado imesimama, na akinamama wanne wanaendelea kupima kituo cha mlangoni kila mwezi mpevu, saa ya kwanza maji yakitoka, karatasi wananitumia picha kwa simu. Ya mwezi huu imeingia jana, fremu zote 33, maandishi ya penseli yamelowa kidogo lakini yanasomeka.